Kijiji Kilichokua kwa Kuviziana

Wadogo zangu mnaoshika kalibu ya tofali kwa mara ya kwanza mwaka huu, karibuni kwenye tope. Najua mtacheka mkisikia nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Chekeni tu. Mgongo wangu uliinama kwenye udongo nikiwa na miaka kumi na sita, ukainuka mwaka jana mbele ya daktari kule Kolandoto. Akanishika pingili moja moja, akauliza kazi yangu, nikamwambia. Akasema, "Basi, kijana, inatosha." Hiyo ndiyo barua yangu ya kustaafu.

Sasa nina kibanda cha soda na vocha, kiti cha plastiki, na daftari ninalochoramo kijiji chetu, Maturubai, kitakavyokuwa baadaye, chenye ghorofa, lifti na maua barabarani. Mama Kulwa, mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, akiiona michoro hiyo hucheka mpaka anashika mbavu. "Masalu, lifti ya nini kijiji ambacho umeme ukirudi watu wanapiga vigelegele?" Namwambia, mama, hata hiki kijiji chenyewe kuna siku hakikuwepo.

Wengi wenu mmezaliwa mmekikuta. Mmekuta zahanati, mnara wa simu, na saluni tatu ambazo wenyewe hawasalimiani. Mnadhani kijiji huota chenyewe kama mbigili. Nitawaeleza kilivyoanza, ila kwa njia ya tofali, maana ndicho kitu ninachokijua; darasa la saba langu halinitoshi kuandika historia. Na hasa nitawaeleza habari ya darasa letu la kwanza, lile la upande wa barabara, ambalo nusura libomolewe kwa kosa langu mimi.

Tuanze na somo. Mtu anayejua tofali huligonga. Chukua mawili, yagonganishe. Yakilia kama kengele ya baiskeli, yameiva. Yakisema pu, kama umepiga kiroba cha unga, yarudishe kwenye moto. Hata anayetaka kununua nyumba huupiga ukuta kwa kidole alichokikunja, anasikiliza. Kwa hiyo ukimkuta mtu kwenye ukuta wa tofali, hagongi wala hasikilizi, anakwangua, simama hapo umtazame vizuri.

Mwaka juzi nilimkuta mtu anakwangua.

Alikuja na gari jeupe, akawapa wanafunzi kalamu na biskuti, akawasalimia wazee wote shikamoo kwa mikono miwili. Jina lake alilitaja, lakini siku ile ile watu wakaanza kumwita Mfadhili, likamkaa. Alisema ameguswa na shule yetu. Atatujengea madarasa manne, yenye vigae chini na madirisha ya vioo, bure kabisa. Alitaka jambo moja tu: lile darasa kongwe libomolewe kwanza, kwa sababu linaharibu sura ya shule. "Na kifusi msihangaike nacho," alisema. "Magari yangu yatakisomba."

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bundala, alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeitwa kuziba ufa kwenye kizingiti. Nilikwenda nyuma ya darasa kuchukua maji, nikamkuta Mfadhili peke yake. Alikuwa na msumari mkononi, anakwangua tofali, na chini ya msumari ametandika leso nyeupe. Vumbi likajaa kidogo, akaikunja leso mara nne, akaitia mfuko wa shati. Halafu akaniona.

"Ukuta umechoka huu, kijana."

"Umechoka kweli, bosi. Una miaka yake."

"Wewe ulikuwepo ukijengwa?"

"Tofali nilifyatua mimi."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Udongo mlichimba wapi?"

Nimefyatua tofali za nyumba zaidi ya nusu ya kijiji hiki, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza udongo umetoka wapi. Nikamwambia kwenye kichuguu. Ilikuwa kweli.

"Na mchanga?"

"Sikumbuki, bosi."

Hapo nilidanganya. Mchanga ule nilikuwa naukumbuka kuliko siku niliyooa.

Ili mnielewe, inabidi nirudi nyuma kabisa. Maturubai haikuanzishwa na mtu aliyetaka kijiji. Palikuwa ni malisho ya ng'ombe na shamba la mihogo. Mtu mmoja alikuwa anachimba shimo la choo, akatoa jiwe jeupe lenye madoa, akalificha. Sasa, mtu akificha jiwe, anafichaje uso? Ndani ya wiki mbili kilima kizima kilikuwa bluu kwa maturubai. Ikawa rashi ya dhahabu. Walikuja watu wa Kahama, wa Singida, wa Mbeya, wengine kutoka Pwani, na hakuna aliyemjua jirani yake hata jina.

Kwa kuwa hawakujuana, kila mmoja alipiga turubai lake kwenye mdomo wa duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, mlango ukitazama duara la mwenzake. Akifumbua macho tu, anaona nani anapanda na kiroba gani. Mnajisifu barabara yetu kuu imenyooka, mnasema Maturubai imepangwa. Nani aliipanga? Hapakuja mpimaji hata mmoja. Wenye maduara ya upande wa kulia walikataza mtu asijenge katikati akawaziba macho, na wa upande wa kushoto wakakataa vile vile. Uwazi waliouacha ili waviziane ndio barabara mnayopitisha bodaboda leo. Kisima kilichimbwa katikati kwa sababu hakuna aliyekubali kwenda kuteka maji akaacha shimo lake bila kulitazama. Hata vyoo vya mwanzo ukuta wake uliishia kifuani. Watu walikuwa wanasalimiana vizuri tu, mwenzako yumo ndani, naye anapiga hesabu umesimama pale dakika ngapi.

Mimi niliingia hapo na Mzee Ngassa, mwalimu wangu wa kazi. Tulitoka upande wa Shinyanga juu ya lori la mahindi, tukiwa na kalibu mbili, majembe, na karai lililotoboka. Mzee Ngassa alikuwa mwembamba, mcheshi, na alinusa udongo kama watu wanavyonusa mboga. Aliniambia njiani kwa Kisukuma chake, "Bebe, wewe Masalu, watu wa turubai wakipata kidogo watataka ukuta. Sisi tuwe pale kabla hawajautaka."

Siku ya kwanza tulianza kuchimba kwenye kichuguu kikubwa pembeni ya kilima. Udongo wa kichuguu hauna mfano, wadogo zangu: mchwa wameshauchekecha, wameshautema mate, hauna kokoto. Kabla jua halijafika kichwani, wanaume watatu walikuwa wamesimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Mnachimba nini?"

"Udongo," akasema Mzee Ngassa.

"Udongo wa nini?"

"Wa tofali."

Wakatazamana. Mmoja akacheka kwa pua. "Mzee, wewe utoke Shinyanga, upande lori, uje Geita, uchimbe tofali?"

"Ndiyo, ng'wanawane, mwanangu."

"Huyu ana ramani," yule akawaambia wenzake. Akashuka shimoni na tochi mchana kweupe. Akapapasa kuta zote, akaonja udongo kwa ulimi, akapanda juu. Hawakuondoka. Siku tatu walikaa pale wakitulinda, wakihesabu kila karai tunalotoa. Siku ya nne Mzee Ngassa akawaambia, "Wanangu, mnachoka kusimama. Ingieni mkande huku mnatuchunga. Tukificha kitu kwenye tope, miguu yenu itakikanyaga."

Wakavua viatu, wakakanda udongo wiki nzima, kwa wasiwasi wao wenyewe. Sijawahi kuona udongo uliokandwa vizuri kama ule. Na tanuru la kwanza lilipoiva, wa kwanza kutaka tofali walikuwa wao, maana walijua kila lililomo. Hilo ni somo la pili: usimfukuze anayekushuku. Mpe kazi.

Sasa kosa langu. Mzee Ngassa alipata msiba nyumbani, akaniachia kazi mwezi mzima. Alikuwa amenionya kwamba udongo wa kichuguu peke yake ni mnene. Ukiukausha haraka unapasuka. Unatakiwa kuuchanganya na mchanga, na mchanga wa mto ulikuwa mbali, upande wa Buseresere, na hapakuwa na gari la kuuleta. Tofali zangu zikaanza kupasuka juani moja baada ya nyingine, nami nikakaa chini nikalia kama mtoto. Ndipo nikautazama mwalo.

Mwalo ni pale wanapooshea mawe yaliyosagwa. Unga wa mawe unapita na maji juu ya magunia, dhahabu inanasa kwenye manyoya ya gunia, mchanga unaobaki unateremka chini na kurundikana. Wenyewe wanauita marudio. Siku zile marudio yalikuwa takataka. Yalijaa njiani, watu wanayatukana, na zebaki haikuwa imeyagusa, maana ile hutumika baadaye kwenye karai. Nikamuuliza mwenye mwalo kama naweza kuchota. Akasema, "Zoa mpaka ulizibue lango langu." Nikazoa. Tofali zikatoka laini, nyekundu, hazina ufa, zinalia kama kengele. Mzee Ngassa aliporudi aligonga moja, akagonga la pili, akaniambia "wabeja", asante kwa Kisukuma, neno ambalo hakuwahi kunipa kwa kazi. Hakuniuliza mchanga umetoka wapi. Sikumwambia.

Tofali zile ndizo zilizojenga darasa.

Darasa lilikuwa wazo la Mama Kulwa. Alikuwa mama ntilie wa kwanza Maturubai, anauza ugali kwa samaki wa Ziwa, na mapacha wake, Kulwa na Doto, walikuwa wamefika umri wa shule, shule iko mwendo wa saa mbili. Asubuhi moja akasimama na mwiko wake mbele ya foleni ya wachimbaji wenye njaa. "Kuanzia leo," alisema, "asiyebeba tofali kumi kutoka kwa Masalu mpaka pale kiwanjani, hali kwangu."

"Mama Kulwa, sisi hatuna watoto hapa!"

"Mna matumbo. Bebeni."

Walibeba. Kila mtu alihesabu kumi zake na kumi za mwenzake, asije akaibiwa jasho. Ukuta ukapanda ndani ya miezi miwili. Na hapo ndipo, kwa macho yangu, Maturubai ilipoacha kuwa kambi. Mtu wa turubai akisikia rashi nyingine huko Chato, anakunja turubai anaondoka na jua. Mtu mwenye mtoto darasa la pili anakaa kwanza, anamuuliza mkewe. Darasa likaleta mwalimu, wanaume wakaita wake zao, wake wakadai zahanati, na siku moja watu wa wilaya wakaja wakatuandika: kijiji. Ndiyo maana nawaambia, lile si darasa tu. Likianguka, mimi sijui hapa patakuwa nini.

Sasa mambo yamebadilika. Zamani tulichoma tanuru kwa magogo, leo mnachoma kwa pumba za mpunga, na ni vizuri, miti imepona. Wengine mna mashine za tofali za kufungana, hamchomi kabisa. Na kwenye dhahabu pia mambo yamebadilika. Wamekuja watu wenye mitambo na dawa, wanaweza kutoa chembe ambazo gunia liliziacha. Marudio yaliyokuwa takataka yakaanza kusombwa kwa malori, mpaka ardhi ya chini wakaikwangua. Mlima wa mchanga pale mwaloni ukaisha wote. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mchanga mwingine umesimama wima, una paa la bati, na ndani watoto wanaimba jedwali la saba.

Mimi nilikuwa nimekumbuka. Na sasa Mfadhili alikuwa na leso mfukoni.

Niliteseka siku mbili. Nikinyamaza, darasa linasombwa, na baada ya hapo nani atamshika mkono Mfadhili arudi kujenga? Nikisema, nasema kwa nani? Kijiji cha wachimbaji! Mtu akisikia kuna dhahabu ukutani, mnadhani atasubiri Mfadhili? Kila nilikopita niliona watu wanalitazama darasa. Labda walikuwa wanatazama njia yao tu. Fundi wa baiskeli alikuwa ameegemea ukuta, nikamshuku fundi wa baiskeli. Mbuzi alilamba tofali, nikamfukuza mbuzi.

Mwisho nikaenda kwa Mama Kulwa, nikamkuta anamenya vitunguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekaa kama mtu aliyevunja chungu?"

Nikamwambia yote: mwalo, mchanga, leso. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Masalu, umeshapeleka ngapi karasha zikasagwe?"

"Ngapi nini?"

"Tofali. Usinifanye mtoto. Miaka yote unajua, na kila mara ni wewe unayeitwa kuziba ufa. Nyufa zile zinatoka wapi?"

Wadogo zangu, maneno yale yaliniingia kuliko msumari. Nikaapa kwa jina la mama yangu kwamba sijawahi kusaga hata kipande. Akanitazama kwa jicho moja, la pili linatoka machozi ya kitunguu, na mpaka leo sijui kama aliniamini. Akasema, "Haya. Usimwambie mtu. Ukitamka neno dhahabu kwenye mkutano, jioni ile ile darasa litakuwa limeingia kwenye viroba. Niachie mimi. Mtu mwema ukimwambia ajenge kwanza abomoe baadaye, atakubali. Tumpime hapo."

Mkutano ulikuwa asubuhi, uwanja wa shule, kila nyumba imetoa mtu. Bundala alifungua kwa sifa ndefu. Mfadhili akafungua mchoro wa madarasa, mzuri, una maua kama daftari langu, na nakiri moyo ulinilainika. Nikawaza, labda ni mtu mwema na mimi ndiye mchafu. Mama Kulwa akanyoosha mkono.

"Tunashukuru sana, baba. Ombi letu dogo. Jenga kwanza. Watoto wakihamia, tutabomoa wenyewe."

Mfadhili akatabasamu. "Mama yangu, eneo ni finyu."

"Eneo lipo, nyuma ya vyoo. Tumelipima jana kwa kamba."

Watu wakacheka. Mfadhili naye akacheka. "Wataalamu wangu wanataka hapa hapa."

"Sawa, iwe hapa hapa," Mama Kulwa akasema. "Basi kifusi tubaki nacho sisi. Barabara ina mashimo, tutaijazia."

"Hapana," Mfadhili akasema, haraka kabisa. "Kifusi ni changu."

Laiti mngekuwepo. Mkulima angesikia maneno yale asingejali. Lakini wale walikuwa wachimbaji, watu ambao maisha yao yote ni kujua kwa nini mtu mwingine anataka mawe. Vichwa viligeuka kwa Mfadhili, vikageuka kwenye ukuta, halafu taratibu, kimoja kimoja, vikanigeukia mimi.

"Kifusi chako cha nini, bosi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mfadhili akaanza kusema habari za mazingira. Hakuna aliyemsikiliza.

"Masalu," Bundala akaniita, na sauti yake haikuwa ya yule aliyepiga makofi. "Tofali hizi ulifyatua wewe. Ndani mna nini?"

Nilisimama. Nilimtazama Mama Kulwa, naye akainua mabega tu: maji yameshamwagika. Nikasema, "Nilichanganya marudio. Ya ule mwalo wa kwanza."

Watu walianza kutazamana, na mimi niliyaona yale macho ya zamani, ya maturubai, yakirudi kwenye nyuso za watu ambao wamezikana na kuozeshana watoto. Mtu mmoja akasimama, akasema anakwenda kujisaidia. Watu sita wakasimama naye. Akakaa. Mama mmoja akasema ameacha sufuria jikoni. Akaambiwa iungue. Mfadhili akakunja mchoro wake, akatembea mpaka kwenye gari, akaondoka, na wala hakuna aliyegeuka kumtazama, maana kugeuka ni kumpa jirani nafasi.

Tukakaa. Jua likapanda. Hakuna aliyekubali kuondoka wa kwanza akaonekana anawahi nyundo, na hakuna aliyekubali kubaki akaachwa na wenye nyundo. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunga pale kama ng'ombe zizini.

"Tugawane basi kwa haki," mtu mmoja akasema.

"Haya," Mama Kulwa akasimama, akafunga kanga kiunoni. "Gawaneni. Nani atasimamia kubomoa?"

Bundala akainua mkono. Uwanja mzima ukaguna.

"Sawa, si Bundala. Nani atalinda kifusi? Wewe? Mnamwamini? Nani atakwenda na mzigo karasha? Nani atasimama kwenye mtambo aone hakuna kinachobaki kwenye kucha za mtu? Semeni jina moja. Jina moja tu ambalo wote mnaliamini, na mimi nitaanza kung'oa bati sasa hivi."

Hakuna aliyelitaja. Walijaribu, nawaambia. Katika kijiji chote halikupatikana jina.

"Basi ukuta unakaa," akasema. "Na hakuna anayeondoka hapa mpaka umefunikwa. Masalu! Lipu inataka nini?"

Nilijibu kabla sijafikiri, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Saruji ndoo moja, mchanga nne. Kwanza unaumwagia ukuta maji ya kutosha, maana tofali la kuchoma linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Usipolinywesha litanyonya maji ya lipu, na lipu itadondoka kama ngozi ya nyoka. Waliokuwa na mifuko ya saruji majumbani walitumwa wawili wawili, na Mama Kulwa alichagua mwenyewe nani aende na nani: wale wasiopatana. Mwenye saluni alikwenda na mshindani wake. Bundala alikwenda na mtu aliyeshindana naye uchaguzi. Hakuna mfuko uliopotea njiani.

Tulipiga lipu mchana kutwa. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha ukuta, kuanzia chini mpaka kwenye bati, ndani na nje, na kabla hakijakauka waliandika jina kwa msumari. Jina likichubuka, tunajua twende mlango gani. Rangi ya saruji haikulingana, mafundi wengine walikuwa wapishi, na ukuta ulitoka na mabonde kama barabara ya mvua. Mimi nilizunguka nikirekebisha viganja vya watu, nikilia na kucheka. Lipu inatakiwa kumwagiliwa maji siku saba, asubuhi na jioni, isije ikapasuka. Niliwaambia siku kumi na nne. Walikuja zote, kila mtu na kopo lake, wakimwagilia chao na kukagua cha jirani.

Mtaniuliza, je, kuna dhahabu kiasi gani mle? Sijui. Sijawahi kupima, na anayeniuliza sana ninalikariri jina lake.

Kikao hakikuisha bila hukumu yangu. Sikufukuzwa, wala sikutozwa kitu. Ila Mama Kulwa alitangaza kwamba Masalu, kwa kuwa ndiye anayejua tofali lipi limetoka tanuru lipi, haruhusiwi kukaribia darasa lile peke yake maisha yake yote. Lazima awe na watu wawili wa kamati. Waliinua mikono wote. Kwa mara ya kwanza siku ile walikubaliana jambo.

Iliniuma. Nililala na jambo hilo moyoni miezi mingi. Halafu Januari hii binti yangu Neema alifikisha umri wa darasa la kwanza. Nilimpeleka asubuhi, ana soksi nyeupe mpya na begi kubwa kuliko mgongo wake, na kwenye geti Mama Kulwa na Bundala walikuwa wameshasimama wakinisubiri. Wakatufuata hatua tatu nyuma, macho kwenye mikono yangu.

Neema akageuka. "Baba, wale wanatufuata kwa nini?"

"Wanakusindikiza, mama," nikamwambia. "Unaanza shule."

Akasimama palepale, akawapungia mkono. Mama Kulwa akajifanya kutazama bati. Bundala akanitazama, akautazama ukuta, halafu akatoa mkono mfukoni na kumpungia.